Filta ya Hewa ya Gari la Zamani: ya Kutupa au ya Kuosha? Mwongozo kwa Barabara za Arusha na Moshi

Kabla hujaingia duka la spea, fanya jambo moja lisilo na gharama. Zima injini, legeza klampu ya mpira unaotoka kwenye nyumba ya filta kwenda kwenye kabureta, ingiza kidole upande ambao hewa imeshachujwa, kisha kitoe ukitazame. Kikitoka safi, au na ukungu mwembamba wa oili, soma taratibu, huna haraka. Kikitoka na unga wa kijivu au mwekundu, hiyo filta unayotaka kwenda kununua, iwe ya karatasi au ya kuosha, haitakufaa kitu mpaka ujue huo unga umepitia wapi.

Mimi niliyajua haya kwa hasara. Land Rover yangu, Series III ya 109 ya petroli, ilikuja na chujio lake la bakuli la oili. Gereji moja mjini ikanishawishi kwamba hayo ni mambo ya kizee, tufunge nyumba ya filta ya karatasi iliyotolewa kwenye gari jingine. Tukafunga. Filta yenyewe ilikuwa mpya na nzuri. Lakini mpira wa kuunganishia ulikuwa mpana kuliko bomba, wakaukaza kwa klampu mpaka ukajikunja, na pale kwenye mkunjo pakabaki upenyo wa kupitisha njiti ya kiberiti. Nikaenda nayo Longido na Ketumbeine misimu miwili ya kiangazi. Msimu wa tatu ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu asubuhi. Ilipofunguliwa, ringi zilikuwa zimeliwa na silinda zina ngazi upande wa juu. Ovaholi nzima. Fundi aliyeifungua, kijana wa mtaa wa Unga Limited mwenye maneno machache, alinionyesha ule mpira akasema: "Mzee, chujio lako zima, ila chai ulikuwa unaimimina pembeni."

Ndiyo maana naanza na kuziba, kuchagua kunafuata.

Hatua ya 1: Ziba njia za pembeni

Toa mpira wa hewa wote, usiukague ukiwa umefungwa. Nyufa za mpira wa zamani huwa upande wa chini na ndani ya mikunjo, mahali ambapo macho hayafiki ukiwa umesimama mbele ya boneti. Ukunje kwa mikono kila upande. Ufa uliojificha utafunguka. Mpira ulioungwa kwa solotepu au ukanda wa tyubu ya baiskeli ni wa kukufikisha nyumbani tu.

Kisha angalia sili mbili, ya juu na ya chini ya filta. Kwenye filta za duara zinazokaa juu ya kabureta kuna nati ya mabawa inayobana kifuniko. Chini yake palikuwa na washa ya mpira au ya faiba, na kwa magari mengi niliyoyaona washa hiyo ilishapotea miaka mingi. Tundu la bolti ni dogo, lakini liko upande wa hewa safi, kwa hiyo vumbi linaloingia hapo halikutani na filta kabisa. Washa mpya ni bei ya kikombe cha kahawa.

Angalia pia bomba la pumzi la injini linaloingia kwenye nyumba ya filta, gasketi chini ya kabureta, na shafti ya kabureta yenyewe. Shafti iliyolika ikicheza juu na chini ukiitikisa kwa vidole, injini inavuta hewa ambayo haijachujwa popote. Hapo hata filta ya ndege haitakuokoa.

Ukishaziba, paka grisi nyembamba kama ya kupaka mkate ndani ya bomba la hewa safi, funga, endesha safari moja ya vumbi la kweli, halafu fungua. Grisi haisahau. Ikiwa laini na inang'aa, umeziba. Ikiwa imekuwa kama msasa, rudia kazi. Ukimaliza ifute yote kwa kitambaa.

Hatua ya 2: Jua gari lilizaliwa na chujio gani

Watu wanapobishana juu ya filta za kuosha husahau kwamba babu yake tayari yuko kwenye magari yetu. Land Rover za Series zote, VW Beetle za miaka ya 1960 na malori mengi ya enzi hizo yalitoka kiwandani na bakuli la oili. Hewa inashuka kwa kasi, inageuzwa ghafla juu ya oili, vumbi zito linashindwa kukata kona na kuzama, na lile jepesi linanaswa kwenye wavu wa waya uliolowa. Hakuna cha kununua zaidi ya oili.

Magari madogo kama Datsun 1200 na Corolla za miaka ya 1970 yana filta ya karatasi ya duara ndani ya sahani ya bati juu ya kabureta. Land Cruiser za dizeli za familia ya 60 na 70 zina mcheduara mrefu wa karatasi ndani ya nyumba inayozungusha hewa kwanza, ili vumbi kubwa litupwe pembeni na kushuka kwenye kijipira cha chini. Kiminye kijipira hicho kila unapoangalia oili ya injini. Kikiwa kigumu kama jiwe au kimepasuka, nyumba nzima imepoteza nusu ya akili yake.

Kwenye baadhi ya magari ya Kijapani na ya Ulaya, pua ya nyumba ya filta ina kiwiko cha kuchagua majira ya baridi au ya joto. Upande wa baridi huvuta hewa moto kutoka kwenye eksozi. Hata Julai ya Arusha, na baridi yake yote, si baridi ile waliyoikusudia. Kiache upande wa majira ya joto.

Hatua ya 3: Hesabu vumbi lako, si la jirani

Injini ya Land Rover ya lita 2.25 ina ujazo wa cc 2,286 kamili. Silinda hujaa mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, silinda zote hujaa mara 1,250. Hata ukisema hazijai kabisa, zinajaa asilimia 80, ni lita 2,286 za hewa kwa dakika, yaani mapipa zaidi ya 11 yale ya lita 200. Kwa saa ni mita za ujazo 137. Dizeli nyingi hazina kizuizi cha hewa kwenye njia, kwa hiyo huvuta pumzi nzima muda wote, hata ukiwa umeachia mafuta.

Sasa hewa hiyo inatoka wapi? Udongo wetu ni wa volkano, wa Meru na Kilimanjaro, na vumbi lake ni laini kiasi cha kupita kwenye sili ya mlango. Chembe zinazoumiza injini kuliko zote si zile unazoziona zikiruka. Ni zile za maikroni 5 hadi 20 hivi (unywele wa mtu una kama 70), kwa sababu zinalingana na unene wa utando wa oili kati ya ringi na silinda. Kubwa zaidi hukamatwa kirahisi, na ndogo zaidi huelea ndani ya oili bila kugusa chuma.

Jiweke kwenye kundi lako kwa ukweli. Gari linalotoka Njiro kwenda Clock Tower, au Shanty Town kwenda mjini Moshi, na Jumapili moja moja kwenda Marangu, ni gari la lami. Linalokwenda mashamba ya TPC, Simanjiro, Ngare Nanyuki, au njia ya Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, ni gari la vumbi hata kama unalipeleka mara mbili kwa mwezi. Na ukiendesha nyuma ya gari jingine, kilomita 50 za hapo ni sawa na nyingi zaidi za kuwa mbele. Magari ya msafara wa kitalii yanajua. La mwisho ndilo hupiga chafya kwanza. Kumbuka pia miezi. Kuanzia Juni mpaka vuli ianze, na tena Januari na Februari, ratiba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari kule Uingereza au Japani haikuhusu.

Hatua ya 4: Elewa kila moja inakamataje

Karatasi ni wavu wa nyuzi uliolowekwa gundi ngumu na kukunjwa mikunjo mingi ili eneo liwe kubwa. Filta nzuri ya karatasi hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio. Inachekesha kwamba inakamata vyema zaidi ikiwa imechafuka kidogo, kwa kuwa vumbi la kwanza lenyewe linageuka chujio la vumbi linalofuata. Saa zake dhaifu ni zile za kwanza, ikiwa mpya, na zile za mara tu baada ya kupulizwa. Ndiyo sababu ile tabia ya kila gereji kushika filta na kuipuliza kompresa kila gari linapoingia, hata kama limekuja kubadilishwa taa, naichukia. Ukipuliza unaondoa ulinzi, na ukizidisha presha unaipasua mikunjo bila kuona.

Filta ya pamba ni tabaka chache za kitambaa kilichoshikwa kati ya nyavu mbili za waya na kupakwa oili ya kunata. K&N ya California, iliyoanza mwaka 1969, ndiyo iliyolifanya jina lake lijulikane. Inapitisha hewa kirahisi na, ikitunzwa, hudumu miaka. Lakini nguvu yake yote iko kwenye oili. Ikikauka ni kitambaa chenye matundu. Ikizidi, inadondoka.

Sponji nayo hunasa vumbi ndani ya unene wake, si juu tu, kwa hiyo hubeba mzigo mkubwa kabla ya kuziba. Ubaya wake ni uzee: joto la injini na miaka huifanya isagike, na siku itakapoanza kumeguka, vipande vinaingia ndani. Ukiibana kwa vidole ikabaki imebonyea au ikaacha unga, tupa.

Bakuli la oili liko karibu asilimia 95 hadi 98, na hushuka injini ikiwa katika mzunguko mdogo kwa sababu hewa haina kasi ya kurusha vumbi kwenye oili. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uigeuze. Chukua gramu 100 za vumbi: chujio la asilimia 99.5 linapitisha nusu gramu, la asilimia 97 linapitisha gramu 3. Mara sita. Hata hivyo Land Rover hizo zimekaa miaka 50 na bakuli zao, maana wenyewe walikuwa wanazihudumia, na ni heri bakuli lililotunzwa kuliko karatasi iliyofungwa kama yangu.

Na nguvu? Muuzaji atakuambia filta ya kuosha inaongeza nguvu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo ya hewa imeshapungua karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Ukingoni mwa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, unakaribia kupoteza robo. Kwa Arusha peke yake hizo ni kilopaskali 15 (kipimo cha kanieneo) zilizochukuliwa na mlima kabla hujawasha gari, wakati karatasi safi ya ukubwa sahihi haizuii zaidi ya moja au mbili. Gari likichoka kupanda, mlaumu Meru kwanza, kisha jeti za kabureta.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa mpaka mwisho

Weka bei za duka lako. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Filta ya karatasi shilingi 30,000, unabadilisha kila kilomita 5,000. Filta ya pamba shilingi 280,000, pamoja na dawa ya kuoshea na oili yake 80,000. Jumla 360,000, ambazo ni filta 12 za karatasi, yaani kilomita 60,000.

Gari la kupendeza macho linalotembea kilomita 4,000 kwa mwaka litahitaji miaka 15 kurudisha pesa hiyo, na chupa ya oili haitadumu miaka 15. Gari la kazi linalopiga kilomita 40,000 kwa mwaka litairudisha ndani ya mwaka na nusu. Lakini gari hilo ndilo liko Simanjiro, ndilo litahitaji kuoshwa filta kila wiki chache, na filta ya pamba inahitaji kukauka usiku mzima. Dereva anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Unadhani atasubiri? Ataifunga mbichi, au ataikausha kwa kompresa, au ataondoka bila oili. Anayeweza kurudisha pesa yake ndiye asiyeweza kuitunza, isipokuwa anunue mbili, na zikiwa mbili hesabu inaanza upya.

Kuna hali moja inayoigeuza hesabu yote: filta ya karatasi ya gari lako haipatikani tena. Kwa baadhi ya magari ya Ulaya yaliyobaki machache hapa, kila filta ni kuagiza na kusubiri. Hapo ya kuosha inakuwa haki yako, na nisingekubishia.

Hatua ya 6: Chagua

Gari la vumbi lenye filta ya karatasi, petroli au dizeli: baki na karatasi. Kama nyumba ya filta ina nafasi, vaa soksi ya sponji juu yake. Soksi ndiyo uoshe, karatasi usiiguse mpaka ifike mwisho wake. Mpangilio huu wa kuosha cha nje na kutupa cha ndani ndio ninaoupenda kuliko yote, na sijui kwa nini watu wanalazimishwa kuchagua kimoja.

Series yenye bakuli zima lisilovuja: lirudishe kazini. Mimi nililirudisha langu. Lilikuwa stoo chini ya magunia. Ila kama gari linapanda miteremko ya ubavu mara kwa mara, oili humwagika, na hapo nyumba ya karatasi ya lori dogo, iliyofungwa kwa mpira wa kipenyo sahihi, ina faida. Bomba lake lisiwe jembamba kuliko lile la zamani.

Gari la lami la wikendi, kabureta, mmiliki anayependa kulifanyia kazi mwenyewe: pamba inafaa. Ule ubishi kwamba oili ya filta inaharibu kihisio cha hewa hauhusu kabureta, kwa kuwa haina kihisio hicho. Ukiwa na gari la miaka ya 1970 au 1980 lenye sindano za petroli na kile kibao cha kupima hewa, paka oili kidogo mno, maana kibao kikinata kinachelewa.

Injini iliyochoka, inayopuliza oili kupitia bomba la pumzi: karatasi italowa oili kutoka ndani na kuziba mapema sana. Pamba na sponji huvumilia zaidi. Lakini hapo unatibu kikohozi wakati mgonjwa ana kifua.

Hatua ya 7: Dukani

Nenda na filta ya zamani mkononi, na rula. Pima kipenyo cha nje, cha ndani na kimo. Milimita 3 za kimo ndizo tofauti kati ya sili inayobana na sili inayogusa tu. Muuzaji akisema "hii inaingia, wengi wanaifunga", mwambie akuruhusu uzipange pamoja juu ya kaunta, moja juu ya nyingine.

Bonyeza sili kwa kucha: irudi mahali pake. Tazama mikunjo: ipangane sawa, isiwe imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Gundi ishike mwisho wa kila mkunjo. Kisha omba tochi, iwashe ndani ya filta, zungusha taratibu ukiwa kivulini. Mwanga unaopenya kwa wingi sawa ni karatasi. Nukta kali ya mwanga ni tundu, na tundu kwenye filta mpya halina maelezo. Za kuosha, tazama zaidi mahali ambapo wavu unaingia kwenye fremu ya mpira. Nakala hafifu huachia hapo.

Hatua ya 8: Tunza ulichochagua

Karatasi haioshwi, si kwa sabuni wala kwa petroli. Petroli kwenye filta ya hewa ni hatari ya moto, kwa sababu nyumba ya filta ndiyo inayozuia mwali pale kabureta inapopiga chafya. Ukiwa porini na imeziba, igonge polepole kwa kiganja, usiipige kwenye tairi. Ukilazimika kupuliza, toka ndani kwenda nje, presha isizidi baa 2, mdomo wa bomba uwe mbali kiganja kizima.

Pamba: kung'uta, paka dawa yake pande zote mbili, acha dakika 10 bila kukauka. Suuza kwa maji baridi yasiyo na presha, kutoka upande safi kwenda upande mchafu, la sivyo unasukuma matope ndani ya kitambaa. Kung'uta maji, tundika kivulini penye upepo. Usitumie kompresa, moto, wala boneti la gari lililotoka safari. Ikikauka kabisa pitisha oili yake kwenye kila mkunjo, mara moja, subiri dakika 20 isambae, ongeza tu palipobaki peupe. Oili ya injini si mbadala, inatiririka chini na kuacha juu pakavu.

Sponji: mafuta ya taa kwanza, kwa kuiminya bila kuisokota, kisha maji na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, paka oili ya kunata, minya mpaka rangi iwe moja.

Bakuli la oili: zima injini usubiri oili ishuke kutoka kwenye wavu. Fungua klipu, mwaga oili na tope kwenye dumu la oili chafu, osha wavu kwa mafuta ya taa, kausha, jaza oili ya daraja lile lile la injini mpaka kwenye alama. Kwa Land Rover ni chini kidogo ya lita moja. Safari ya vumbi zito, fungua kila jioni utazame. Na usivuke alama hata kwa ukarimu: dizeli ikinyonya oili ya bakuli itaichoma kama mafuta na kukimbia yenyewe, na ukizima kwa ufunguo haitakusikia.

Hatua ya 9: Pima, usikisie kwa rangi

Rangi ya filta inadanganya. Karatasi nyeusi inaweza kupitisha hewa vizuri, na iliyofanana na mpya ikawa imeziba kwa unga mweupe wa Natron. Kuna kifaa kilichoko kila saiti ya ujenzi: mpira mwangavu wa levo ya maji, ule wa fundi mwashi.

Chukua mita 4 hivi. Ukunje kama herufi U kwenye ubao, kila mguu angalau nusu mita, utie maji yenye tone la rangi mpaka katikati. Mwisho mmoja uache wazi. Mwingine uunganishe na kinipo kidogo (kijibomba cha kuchomekea mpira) kwenye bomba la hewa safi, kati ya filta na kabureta. Filta ikiwa mpya, abiria ashike ubao na kusoma tofauti ya kimo kati ya miguu miwili. Dizeli, fanya ukiwa umesimama, mafuta yote. Petroli ni lazima injini ibebe mzigo, kwa hiyo panda mlima wa Oldonyo Sambu, au Himo kwenda Marangu, kwa gia ya tatu na mafuta yote. Andika milimita hizo kwa kalamu ya maka ndani ya boneti, pamoja na kilomita na tarehe.

Rudia baada ya kila miezi michache, mlima ule ule, gia ile ile. Tofauti ikiongezeka milimita 250, ambazo ni takriban kilopaskali 2.5, filta imeshiba: badilisha au osha. Usipofika hapo, iache ifanye kazi, usiifungue kila siku, maana kila kufungua ni nafasi ya vumbi la kifuniko kudondokea ndani. Ukishamaliza kupima, ziba kinipo kwa kofia ya mpira.

Jambo la mwisho ni maji, kwa sababu masika hayana subira. Karatasi iliyolowa huvimba na kukata hewa. Itoe, ikauke, usiiendeshe hivyo. Oili ya bakuli iliyogeuka nyeupe kama maziwa ina maji, imwage hapo hapo. Na gari likizima katikati ya korongo, usiligeuze tena kwa stata hata mara moja. Livute nje, toa plagi, au sindano kama ni dizeli, zungusha injini kwa mkono au kwa stata ikiwa wazi, maji yatoke. Ndipo ufungue nyumba ya filta uone yalifika wapi.